Gemu la mchezaji mmoja: mtaji unalala miaka mitano, soko linaamua kwa siku chache

BUJUMBURA. Katika vibanda vya PlayStation, viwe vya Buyenzi na Bwiza hapa Bujumbura, vya Uvira ng'ambo ya Gatumba au vya Kigoma mjini, gemu linaloingiza fedha ni la mpira. Vijana wawili wanakaa, kila mmoja na pedi yake, mechi inakwisha kwa dakika chache, aliyefungwa anainuka na mwingine anachukua nafasi yake. Mashine haipumziki, na kila mechi ina malipo yake.

Gemu la hadithi halina bahati hiyo. Ni lile ambalo mtu mmoja anamwongoza shujaa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa kisa, kwa saa 20, 30 au zaidi. Linapendeza kulitazama, lakini lina mteja mmoja na pedi moja, na mteja akishalimaliza harudi tena kulilipia. Kwa mwenye kibanda, CD hiyo ni fedha iliyolala.

Hesabu hiyo hiyo ya kibandani ndiyo inayowanyima usingizi wakuu wa kampuni kubwa za Tokyo, Los Angeles na Warsaw. Tofauti ni kwamba wao wanaihesabu kwa mamia ya mamilioni ya dola. Na kwa mfanyabiashara anayevusha mizigo Kobero au Gatumba, anayenunua mashine na CD Dar es Salaam ama Dubai ili aziuze hapa, hesabu hiyo inamhusu zaidi ya anavyodhani.

Gharama zilizofichuliwa mahakamani

Kwa miaka mingi kampuni za magemu hazikusema zinatumia kiasi gani. Siri ilitoka Juni 2023, katika kesi ambayo serikali ya Marekani ilikuwa ikipinga Microsoft kuinunua kampuni ya Activision. Sony ilipeleka mahakamani nyaraka ambazo sehemu zake za siri zilikuwa zimefutwa kwa wino mweusi. Wino ulikuwa hafifu, na zilipowekwa hadharani watu walisoma kilichokuwa chini yake.

Nyaraka hizo zilionyesha kwamba The Last of Us Part II, gemu la mchezaji mmoja lililotoka 2020, liligharimu dola milioni 220 kulitengeneza, na kazi ilipopamba moto lilikuwa na wafanyakazi wapatao 200. Horizon Forbidden West, lililotoka 2022, liligharimu dola milioni 212. Lilichukua miaka mitano, na wakati wa kilele liliajiri watu wapatao 300.

Fedha hizo haziendi kwenye malighafi, kwa kuwa gemu halina saruji wala nondo. Zinakwenda kwenye mishahara ya wachoraji, waandishi wa programu, waigizaji wa sauti, wanamuziki na wajaribuji. Katika studio za Marekani, kipimo kinachotumika sana ni dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, ofisi, bima na vifaa. Watu 200 kwa kipimo hicho wanakula dola milioni 2 kila mwezi, iwe kazi imesonga au imesimama.

Kila mwenye lori anaelewa maana yake. Gari likikwama mpakani kwa sababu ya karatasi moja, dereva anakula, utingo anakula, maegesho yanadai, na aliyekopa benki anaendelea kulipa riba. Gemu likichelewa miezi sita, studio ya watu 200 imeongeza gharama ya dola milioni 12 bila kuwa imeuza hata nakala moja.

Bei ya dukani na kinachorudi mkononi

Gemu kubwa jipya leo linauzwa dola 70 katika soko la Marekani. Mtu anaweza kudhani kwamba gemu lililogharimu dola milioni 200 linahitaji kuuza nakala chini ya milioni 3 ili kurudisha mtaji. Kosa la hesabu hiyo ni kusahau mwenye duka.

Maduka makubwa ya magemu kwenye intaneti kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo. Kampuni isiyo na duka lake inabaki na dola 49 kwa kila nakala ya dola 70. Kwa hiyo inahitaji kuuza nakala milioni 4.1 kurudisha dola milioni 200, kabla ya kulipa matangazo, kodi na riba.

Wateja wengi pia hawanunui wiki ya kwanza. Wanasubiri bei ishuke. Bei ikishuka hadi dola 35, kinachorudi kwa mtengenezaji ni dola 24.50, na nakala zinazohitajika zinafika zaidi ya milioni 8. Ni magemu machache mno ya mchezaji mmoja yanayofika huko.

Hapa ndipo gemu la mpira linapojitenga. Kampuni ya EA, inayotengeneza gemu la mpira linalopendwa katika vibanda vya kanda hii, haitegemei bei ya CD peke yake. Ndani ya gemu kuna sehemu iitwayo Ultimate Team, ambako wachezaji wanalipa ili kupata kadi za wanasoka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, sehemu hiyo, katika magemu yote ya michezo ya kampuni yaliyo nayo, iliiingizia kampuni dola bilioni 1.62. Mteja amenunua gemu mara moja, lakini analipa mwaka mzima. Gemu la hadithi linafanana na kontena la bidhaa ya msimu. Lina siku zake za kuuzwa, na zikipita bei inaporomoka.

Nakala milioni 3.4, na bado hasara

Machi 2013 kampuni ya Kijapani ya Square Enix ilitoa Tomb Raider mpya. Katika wiki zisizozidi nne ziliuzwa nakala milioni 3.4. Sokoni hapa mtu akisikia mzigo umeuzwa hivyo atafanya sherehe. Square Enix ilitangaza kwamba mauzo hayo yako chini ya matarajio, ikakadiria hasara kwa mwaka ule, na rais wake akang'atuka.

Gemu lenyewe lilisifiwa. Tatizo lilikuwa makadirio: bajeti iliwekwa kana kwamba kila mtu atanunua. Miaka 9 baadaye, mwaka 2022, kampuni hiyo iliamua kuuza studio zake za nchi za Magharibi pamoja na haki za Tomb Raider na magemu mengine kadhaa. Mnunuzi, kampuni ya Embracer ya Sweden, alilipa dola milioni 300 kwa vyote.

Embracer nayo ilikuwa ikinunua kwa kasi ikitegemea fedha ambazo hazijafika. Mei 2023 mpango wake mmoja mkubwa, uliotarajiwa kuleta dola bilioni 2, ulivunjika. Miezi michache baadaye ikaanza kufunga studio na kupunguza watu. Mojawapo ya zilizofungwa ni Volition, iliyokuwa kazini tangu 1993. Aliyewahi kuagiza mzigo kwa kutegemea ahadi ya mteja, kisha mteja akazima simu, anajua kisa hicho kinavyokwenda.

Serikali ilipoweka dhamana

Kisa kinachozihusu zaidi serikali za kanda hii kilitokea katika jimbo dogo la Rhode Island, Marekani. Mwaka 2010 jimbo hilo lilitoa dhamana ya dola milioni 75 kwa kampuni ya 38 Studios, iliyoanzishwa na mchezaji maarufu wa besiboli, Curt Schilling, ili ihamishie shughuli zake huko na kuleta ajira.

Februari 2012 kampuni hiyo ilitoa Kingdoms of Amalur: Reckoning, gemu la mchezaji mmoja. Liliuza nakala zaidi ya milioni moja katika miezi mitatu. Lakini gavana wa jimbo alisema lilihitaji kuuza karibu milioni 3 ili lirudishe gharama. Wakati huo kampuni ilikuwa ikimwaga fedha kwenye gemu jingine kubwa zaidi, la wachezaji wengi kwenye intaneti, ambalo halikuwahi kutoka.

Mei 2012 kampuni ilishindwa kulipa kwa wakati dola milioni 1.1 ilizodaiwa na jimbo. Kabla mwezi haujaisha wafanyakazi wote, karibu 400, walikuwa wameachishwa kazi. Juni kampuni ikaomba kufilisiwa. Serikali ilikwenda mahakamani kwa miaka kadhaa kutafuta fidia, na walipa kodi ambao hawajawahi kushika pedi wakajikuta wamebeba sehemu ya deni.

Lilikuwa kosa la mdhamini yeyote anayeangalia jina la mkopaji kuliko daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale Rhode Island daftari lilikuwepo. Aliyelisoma kwa makini ndiye hakuwepo mapema.

Aliyeanguka akainuka

Si kila aliyekwama alizama. Kampuni ya CD Projekt ya Poland iliahirisha gemu lake la Cyberpunk 2077 mara tatu, kisha ikalitoa tarehe 10 Desemba 2020. Wateja milioni 8 walikuwa wamelipa kabla halijatoka, na kampuni ilisema malipo hayo ya awali yalitosha kurudisha gharama za kulitengeneza na kulitangaza.

Lakini kwenye mashine za zamani, PlayStation 4 na Xbox One, gemu lilikwama na kuharibika vibaya. Wiki moja tu baada ya kutoka, Sony ililiondoa katika duka lake na kuwaruhusu wateja kurudishiwa fedha. Lilirudi dukani Juni 2021. Thamani ya hisa za kampuni ilishuka vibaya, na miaka mingine ikatumika kulitengeneza upya. Baada ya nyongeza ya Phantom Liberty kutoka Septemba 2023, heshima ilirudi, na leo gemu hilo limeuza nakala zaidi ya milioni 30.

CD Projekt iliokolewa na vitu viwili: fedha ya akiba, na uamuzi wa kurekebisha bidhaa badala ya kumkimbia mteja. Studio ambayo ingekuwa imekopa hadi senti ya mwisho isingepata nafasi hiyo ya pili.

Kukimbilia upande wa pili hakukusaidia

Kwa kuona hayo, kampuni nyingi ziliamua kuhamia kwenye magemu ya watu wengi yanayolipiwa kila siku. Huko nako kuna shimo. Tarehe 23 Agosti 2024 Sony ilitoa Concord, gemu la mapigano la wachezaji wengi lililotengenezwa kwa miaka kadhaa. Wachezaji hawakuja. Tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu baadaye, lilizimwa na kila mnunuzi akarudishiwa fedha yake. Oktoba studio iliyolitengeneza ikafungwa.

Gemu la wachezaji wengi lisipopata watu ni kama soko lisilo na wachuuzi: hata aliyekuja haoni sababu ya kubaki. Gemu la mchezaji mmoja lina afadhali moja. Hata likiuza kidogo, nakala iliyouzwa inafanya kazi, na mnunuzi anaweza kumsifia jirani mwaka mzima.

Hilo ndilo lililoinua studio ndogo ya Sandfall, ya mji wa Montpellier, Ufaransa. Aprili 2025 ilitoa Clair Obscur: Expedition 33, gemu la mchezaji mmoja lililotengenezwa na kundi la msingi la watu wapatao 30, wakisaidiwa na watu wa nje kwa kazi maalumu. Waliliuza kwa bei ya chini kuliko dola 70 zilizozoeleka. Katika siku tatu nakala milioni moja zilikuwa zimenunuliwa. Studio ya watu 30 ikiuza milioni moja inacheka. Kampuni yenye watu 300 ikiuza hivyo hivyo inalia.

Afrika inaanza na mtaji mdogo

Katika bara hili hakuna benki inayotoa dola milioni 200 kwa gemu, na pengine hiyo ni kinga. Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, iliyoanzishwa na Olivier Madiba, ilichanga mtaji wake kwa kuuza hisa ndogo ndogo kwa watu wengi. Mwaka 2015 ikakusanya zaidi ya yuro 40,000 nyingine kwa mchango wa wapenzi wa magemu kwenye intaneti. Aprili 2016 ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, gemu la hadithi lililojengwa juu ya tamaduni za Kiafrika. Baadaye iligeukia pia magemu ya simu, ambayo gharama yake ni ndogo na wateja wako karibu zaidi.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Nairobi ilipata Nairobi X, gemu la mapigano la Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division. Kampala, kampuni ya Kola Studios ilichukua mchezo wa karata wa Matatu, unaojulikana na kila Mganda, ikauweka kwenye simu. Lual Mayen, aliyezaliwa familia yake ikikimbia vita Sudan Kusini na kukulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza magemu huko huko kambini. Gemu lake la Salaam linahusu amani na mkimbizi anayekimbia kuokoa roho, na mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards.

Wote hao walianza na kitu ambacho kingeweza kufa bila kumfilisi mtu. Kijana wa Bujumbura anayejifunza kuandika programu, na mjomba wake mwenye duka anayeombwa mtaji, wana haja ya kuanzia hapo. Swali la kwanza la mjomba si kama gemu ni zuri. Ni miezi mingapi watu watalipwa kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa, na nani atawalipa ikichelewa.

Mambo matatu kwa anayevusha mizigo

Kwa anayeuza mashine na CD, mabadiliko ya kampuni kubwa yanamfikia moja kwa moja. La kwanza ni kuangalia kama mashine ina sehemu ya kuingizia CD. PlayStation 5 ina aina isiyo na sehemu hiyo, na PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inauzwa bila hiyo. Kampuni zinapenda mteja anunue kwenye duka lao la intaneti, kwa sababu CD iliyotumika inaweza kuuzwa tena mara kumi bila mtengenezaji kupata kitu. Lakini biashara ya CD za mkononi kati ya Dar es Salaam, Kigoma, Bujumbura na Uvira inasimama juu ya CD hizo hizo. Mashine isiyo na sehemu yake ikifika hapa itamlazimu mteja kuwa na intaneti ya kasi na njia ya kulipa nje kwa fedha za kigeni.

La pili ni kujua kwamba hata mwenye njia ya kulipa anaweza kufungiwa mlango. Mei 2024 Ghost of Tsushima, gemu la mchezaji mmoja, lilipotolewa kwa kompyuta kwenye duka la Steam, lilizuiwa katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti ya Sony haifunguliwi, zikiwemo nchi nyingi za Afrika. Kabla ya kununua kadi za malipo au akaunti kwa ajili ya kuziuza, ni busara kuuliza kama zinakubalika katika nchi ya mteja.

La tatu ni wakati. CD ya gemu la hadithi ina thamani kubwa katika wiki zake za kwanza. Anayeinunua Dubai kwa bei ya siku ya kwanza, kisha mzigo ukazunguka miezi miwili hadi ufike bandari ya Bujumbura, ataikuta imeshapunguzwa bei kila mahali. CD ya mpira inadumu msimu mmoja, hadi toleo jipya litoke. Pedi, nyaya na vipuri havina msimu.

Bujumbura haihitaji kufundishwa hatari ya kuweka mtaji wote mahali pamoja. Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la jiji liliteketea kwa moto. Waliokuwa na mzigo wao wote humo, wengine kwa mkopo, walitoka na deni bila bidhaa. Januari 2024 mipaka ya Burundi na Rwanda ilipofungwa, aliyekuwa na njia moja tu ya biashara alisimama, na aliyekuwa na ya pili kupitia Kobero au ziwani akaendelea.

Kampuni ya magemu inayoweka miaka mitano na dola milioni 200 katika hadithi moja imefunga njia zake zote isipokuwa moja. Wakati mwingine inafika salama na dunia nzima inapiga makofi. Lakini mfanyabiashara mwenye busara, kabla ya kupiga makofi, huuliza ni wangapi walipita njia hiyo hiyo na hawakufika.